Kuchagua hambaka mpya za gitaa la nusu-tumbo: mwongozo kamili kwa mpiga solo wa Lubumbashi

"Yaya, gitaa yangu inaimbaka kama mutu mwenye kufunikwa bulangeti." Ndivyo alivyoniambia kijana wa kwaya moja ya Katuba huku akililaza gitaa lake mezani: jekundu, matundu mawili ya F kifuani, gogo la mbao katikati ya tumbo. Pesa ya mikro mpya (kifaa kinachokaa chini ya nyuzi na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme; yenye koili mbili za waya ndiyo hambaka) alikuwa ameshaichanga, na chaguo lake alikuwa nalo kichwani: zile zenye nguvu kuliko zote. Nikamwambia, mdogo wangu, rudisha pesa mfukoni kwanza, unipe kebo yako.

Neno langu nalitoa mapema. Kwa solo yetu, ambayo kila nota inatakiwa isikike peke yake juu ya ngoma na besi, mikro yenye nguvu nyingi ndiyo inayolifunika gitaa blanketi. Tafuta ya wastani, hata iliyo dhaifu kidogo. Ukubwa wa sauti utautoa kwenye ampli. Uwazi ukishapotea kwenye mikro, hakuna kitufe cha ampli kitakachourudisha.

Masikio yetu ya Katanga yamelelewa na nota zilizoachana. Mwenda Jean-Bosco wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo, alipiga gitaa lisilo na umeme kwa gumba na kidole cha shahada tu, na bado unasikia besi na wimbo kama watu wawili wanaozungumza. Mimi napima mikro kwa swali hilo: watu wawili bado wanasikika, au wamekuwa mmoja?

Kwanza pima ulicho nacho

Chomeka kebo kwenye gitaa, ncha ya pili uiache huru. Weka multimita kwenye kipimo cha ukinzani, kiloomu 20. Sindano moja iguse kichwa cha jeki ya kebo, nyingine iguse mwili wake. Fungua sauti na toni hadi mwisho, chagua mikro ya shingoni, soma namba, iandike. Rudia kwa mikro ya darajani. Hujafungua hata skrubu moja, na tayari umejua mengi.

Hambaka ya mtindo wa kale husoma kati ya kiloomu 7 na 9. Ikisoma 13 au zaidi, umepata sehemu ya blanketi lako. Ikisoma kama nusu ya ulichotarajia, huenda koili moja haifanyi kazi. Isiposoma kitu kabisa, waya umekatika mahali fulani, na huenda ni waya wa kuunganisha tu unaotaka tone la lehemu.

Usishtuke namba ikibadilika kwa majira. Shaba huongeza ukinzani karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Mikro inayosoma 7.6 asubuhi ya baridi ya Julai, nyuzi 10, itasoma karibu 8.2 mchana wa Oktoba, nyuzi 30. Nimeona watu wakigombana juu ya mikro "bandia" kwa tofauti kama hiyo.

Halafu tazama urefu. Bonyeza uzi wa kwanza kwenye freti ya mwisho, upime nafasi kati ya uzi na kichwa cha skrubu ya mikro. Fanya hivyo hivyo kwa uzi wa sita. Anza na milimita 2.5 shingoni na milimita 2 darajani. Gitaa la yule kijana lilikuwa na milimita 5 shingoni, na mikro ya darajani imeinuka hadi karibu kugusa nyuzi. Hapo hakuna mikro duniani ingeimba vizuri.

Mwisho, mulika ndani ya tundu la F kwa tochi ya simu na kioo kidogo, usome namba iliyopigwa chini ya potenshomita, yaani vile vifaa vinavyozungushwa na vitufe vya sauti na toni. Hambaka hutaka kiloomu 500. Ukikuta 250, hizo zinameza sauti za juu kabla hazijafika kwenye kebo. Za yule kijana, mbili kati ya nne zilikuwa 250. Nadhani fundi wa kwanza alifunga alichokuwa nacho siku ile. Tulizibadilisha, tukarekebisha urefu, na kama nusu ya blanketi ikaondoka kwa gharama ndogo sana. Kama gitaa lako linakutosha baada ya hapo, ishia hapo. Nasema hivyo kwa moyo wote, ijapokuwa kufunga mikro ndiyo kazi yangu.

Kitu hiki kinafanya nini

Mikro ya koili moja hukusanya sauti ya nyuzi pamoja na mvumo wa umeme uliomo chumbani. Kwetu umeme hubadilika mara 50 kwa sekunde, ndiyo ile "mmmm" nzito unayoisikia karibu na jenereta au taa mbovu. Seth Lover, fundi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu, moja imegeuzwa dhidi ya nyingine kwa mzunguko na kwa ncha ya sumaku. Mvumo unaingia kinyume na kufutana, sauti ya nyuzi inajumlishwa. Maombi ya hati ya uvumbuzi yaliwasilishwa mwaka 1955, hati ikatolewa 1959. Mikro za mwishoni mwa miaka ya 1950 zilibandikwa karatasi ya kusema hati imeombwa, "Patent Applied For", na herufi zake tatu, PAF, zimebaki kuwa jina la mtindo mzima. Gitaa lenye tumbo jembamba na gogo katikati, ES-335, Gibson walilitoa mwaka 1958 likiwa na mikro hizo hizo. Kwa hiyo ukitafuta hambaka ya wastani unarudi tu mahali gitaa hili lilipoanzia.

Sumaku, ambayo sehemu yake hutoka kwetu

Hapa nataka kukaa kidogo. Sumaku ya hambaka nzuri kwa kawaida ni alniko: alumini, nikeli na kobalti, pamoja na chuma kingi na shaba kidogo. Kobalti! Hakuna nchi inayoichimba kwa wingi kama yetu, na malori yanayotoka Kolwezi kwenda Kasumbalesa tunayaona kila siku. Mwanamuziki wa Lubumbashi anapaswa kuzijua namba za alniko kama mama wa jikoni anavyojua unga wa bukari.

Alniko 5 ina kobalti karibu asilimia 24. Ndiyo yenye nguvu kati ya zile za kawaida: besi imekaza, sauti za juu zinang'aa, nota inaanza kwa kishindo. Alniko 2 ina kama nusu ya kobalti hiyo; sauti yake ni laini, katikati imejaa, nota inaingia polepole zaidi. Alniko 3, licha ya jina lake, haina kobalti kabisa, nayo ndiyo dhaifu. Sumaku yake haizivuti nyuzi sana, nota za juu zinabaki tamu na wazi. Seramiki ni jamii nyingine, kali na ngumu. Ina watu wake wa roki nzito, lakini kwenye gitaa lenye tumbo mimi sijawahi kuipenda.

Uchague ipi? Gitaa la nusu-tumbo lina joto lake tayari shingoni, kwa sababu ya mbao na hewa iliyomo. Kwa hiyo shingoni nafunga alniko 5 iliyozungushwa waya kidogo, au alniko 3, ili kusafisha. Darajani, ambako mpiga solo hukaa wakati wa sebene, ile sehemu ya kucheza ya wimbo, alniko 2 huondoa ukali wa sindano bila kuua mwanga. Wengi hufanya kinyume cha hapo kwa mazoea, kisha wanashangaa shingo inavuma na daraja linakwaruza. Kama unapiga akompa, yaani gitaa la kusindikiza, zaidi ya solo, jozi ya alniko 5 pande zote mbili itakufaa. Chodi zitakatika safi.

Koili: namba ya dukani na namba yenye maana

Waya wa hambaka ya kale una unene wa karibu milimita 0.063, kama unywele, na kila koili huwa na mizunguko kama 5000. Muuzaji atakutajia kiloomu. Namba hiyo inasaidia, lakini inadanganya kirahisi, maana waya mwembamba zaidi husoma juu hata bila kuongeza mizunguko. Namba yenye maana zaidi ni henri, kipimo cha uindukizi wa koili (inductance), na watengenezaji waungwana huiandika.

Hebu tupige hesabu. Kebo ya mita 6 pamoja na mikro yenyewe hubeba uwezo wa kuhifadhi chaji wa takriban pikofaradi 700. Mikro ya henri 4.5, ya mtindo wa kale, itakuwa na kilele chake, mahali inapotoa sauti kwa nguvu zaidi, karibu Hz 2800. Ya henri 8, ya "nguvu", kilele kinashuka hadi karibu Hz 2100, na juu ya hapo sauti inaanguka. Kati ya namba hizo mbili ndimo unamokaa ule mlio wa solo unaokata, ule mwanzo wa nota unaosikika hadi mlango wa baa. Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwamba kebo ya mita 3 badala ya 6 itakuongezea uwazi kwa bei ya kebo tu.

Kwa hiyo: shingoni kiloomu 7 hadi 7.6, darajani 7.8 hadi 8.5. Ya darajani iwe juu kidogo, kwa kuwa pale nyuzi hutikisika kidogo.

Nta, na mluzi wa larseni

Gitaa lenye tumbo linapiga larseni, yaani kelele ya sauti ya spika inayorudi kwenye gitaa, kwa njia mbili, na watu huzichanganya. Kuna mvumo mzito unaoanza kwa chini na kukua: huo ni tumbo lenyewe linalotikiswa na spika, na mikro mpya haitauponya. Geuka usiitazame ampli, punguza besi, au ziba matundu ya F kwa sponji. Halafu kuna mluzi mwembamba, mkali, usiobadilika hata ukishika nyuzi zote kwa kiganja: huo ni waya wa koili au kifuniko cha chuma kinachotikisika ndani ya mikro. Dawa yake ni nta.

Mikro iliyolowekwa nta haigeuki kuwa kipaza sauti. Isiyolowekwa ina hewa zaidi, ukigonga kifuniko kwa kucha unasikia "tok" kwenye spika, na kwa kupiga polepole nyumbani inapendeza mno. Kwenye kanisa la watu mia tano, ampli ikiwa nusu mita nyuma yako, itakuaibisha. Nunua iliyolowekwa, kidogo tu.

Ukiwa nayo isiyo na nta unaweza kuiloweka: sehemu nne za parafini ngumu ya mishumaa (si mafuta ya taa), kwa sehemu moja ya nta ya nyuki, ambayo wauza asali wanayo. Yeyusha ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji, kamwe usiweke kopo moja kwa moja juu ya mbabula, nta hushika moto. Joto nyuzi 65, zisipite 70 maana plastiki ya koili itapinda. Zamisha hadi mapovu yaishe, kama dakika kumi hadi ishirini, toa, futa.

Vipimo vya umbo

Nimewahi kuagiza jozi kutoka mbali kwa mteja wa Kampemba, nikangoja wiki nyingi, mzigo ukafika, mikro ya darajani ikakataa kuingia: miguu yake ya chuma ilikuwa mirefu na gogo la gitaa lilichimbwa kina kifupi. Nilichonga mbao ya gitaa la mtu kwa mikono inayotetemeka. Pima kabla ya kulipa.

Toa skrubu nne za fremu, inua mikro, pima kina cha shimo. Pima umbali kati ya katikati ya uzi wa kwanza na wa sita juu ya mikro ya darajani: ukiwa milimita 49 hadi 50, nunua nafasi ya kawaida, ukiwa 52 hadi 53, nunua pana. Pima pia fremu, kwa sababu hambaka ndogo ina upana wa kama milimita 29 tu wakati ya kawaida ina 38, na haziingiliani. Pima waya unaohitajika kutoka mikro hadi potenshomita kupitia ndani ya tumbo, uongeze sentimita 15. Kwenye gitaa hili unalehemu nje ya tundu la F, waya mfupi utakutesa.

Kifuniko kiwe cha fedha ya Kijerumani, aloi ya shaba, nikeli na zinki isiyo na fedha ndani yake. Kifuniko cha shaba ya njano (brass) kilichopakwa nikeli juu hupunguza sauti za juu. Kama mikro zako za zamani zina kifuniko kizito cha namna hiyo, hiyo nayo ilikuwa pindo la blanketi.

Majina machache unayoweza kuyapata yakiwa mapya au yametumika: Seymour Duncan '59, alniko 5, ina nta, chaguo salama. Seth Lover ya kampuni hiyo hiyo, alniko 2, haina nta, kwa anayepiga kwa utulivu. Gibson '57 Classic, alniko 2 yenye nta, tamu darajani. JB, yenye kiloomu zaidi ya 16, iache kwa magitaa mengine. Ukiletewa ya bei ya chini isiyo na jina, usiidharau. Pima ukinzani, gonga kwa kucha, sikiliza. Nimefunga nyingi za hivyo zikaimba vizuri.

Nyaya mbili au nyaya nne

Mtindo wa kale una waya mmoja ndani ya msuko wa chuma. Nakushauri uchukue ya nyaya nne na wa tano usio na ganda, kwa sababu moja: koili mbili ukiziunga sambamba kwa swichi ya kuvuta, ukinzani unashuka hadi robo, kutoka 8 hadi 2, sauti inakuwa nyembamba na inayong'aa kama maji, na mvumo bado unafutwa. Wengine hukata koili moja kabisa ili wapate mlio huo. Kwa umeme wetu na jenereta zetu, koili moja italeta "mmmm" katikati ya sala. Sambamba ni bora.

Rangi hutofautiana. Kwa Seymour Duncan, nyeusi ndiyo ya sauti, kijani na uchi ni ardhi, nyekundu na nyeupe huungwa pamoja. Kwa DiMarzio, nyekundu ndiyo ya sauti, kijani na uchi ni ardhi, nyeusi na nyeupe huungwa. Usikisie.

Ukibadilisha mikro moja tu, hakikisha inakubaliana na iliyobaki. Unganisha multimita: sindano nyekundu kwenye waya wa sauti, nyeusi kwenye ardhi, kipimo cha kiloomu 20. Laza bisibisi ya chuma juu ya vichwa vya skrubu, kisha iinue ghafla. Namba itaruka juu au chini kwa nukta moja ya wakati. Fanya hivyo kwa mikro nyingine. Zikiruka upande mmoja, ni ndugu. Zikiruka kinyume, swichi ikiwa katikati, mikro zote mbili zikilia pamoja, sauti itatoka kama iko ndani ya kopo tupu. Kwa nyaya nne, badilishana ya sauti na ya ardhi, ule uchi ubaki ardhini. Kwa msuko wa chuma huwezi, maana msuko umeshikamana na kifuniko. Itakubidi kuigeuza sumaku.

Kufunga kupitia tundu la F

Hapa ndipo watu huogopa, nami nawaelewa. Piga picha za kila kiungo. Tandika kitambaa kinene juu ya gitaa. Legeza nyuzi, toa daraja.

Toa vitufe na nati za potenshomita. Kabla ya kusukuma kitu ndani, funga uzi wa kushonea kwenye kila shina, kila moja rangi yake: nyekundu sauti ya shingo, nyeupe toni ya shingo, na kuendelea. Kwenye jeki, pitisha spoku ya baiskeli iliyokunjwa kidogo ncha. Sasa sukuma zote ndani, uzitoe taratibu kwa tundu la F la upande wa nyuzi nyembamba, ukiacha nyuzi za rangi zikining'inia kutoka matundu yake. Mtandao wote unakaa juu ya kitambaa kama mishipa ya kuku.

Lehemu kwa chuma cha wati 40 hadi 60 mgongoni mwa potenshomita. Chuma dhaifu kinakaa muda mrefu na kuunguza ndani. Kwenye vikonyo, sekunde mbili tatu zinatosha. Kapasita ya toni: nanofaradi 22 ni kawaida, kwa shingo mimi huweka 15. Waya wa ardhi unaotoka kwenye nguzo ya kishikio cha nyuzi usiusahau. Nawa mikono baadaye, lehemu ya kawaida ina risasi.

Jaribu kila kitu kikiwa bado nje. Chomeka kwenye ampli, gonga vichwa vya mikro kwa bisibisi, zungusha kila kitufe, chezesha swichi. Nimerudisha mtandao ndani mara moja bila kujaribu, nikatumia jioni nzima kuutoa tena kwa waya mmoja uliogusa kisichotakiwa.

Kurudisha: vuta nyuzi za rangi moja moja, shina likigoma valisha mpira laini wa tundu la milimita 5 au 6, uvute kwa huo. Kaza nati kwa mkono kwanza.

Kabla ya kwenda jukwaani, weka multimita kwenye volti za umeme wa kubadilika, kipimo cha juu, sindano moja kwenye nyuzi za gitaa, nyingine kwenye kichwa cha kipaza sauti cha mwimbaji. Ikionyesha makumi ya volti, usiimbe ukiwa umeshika gitaa hadi ardhi ya umeme itengenezwe.

Kisha nyuzi mpya, na urefu tena, safari hii kwa masikio. Kijana wa Katuba tulimwekea alniko 5 ya kiloomu 7.3 shingoni na alniko 2 ya 8.1 darajani. Shingo ilikuwa bado nzito upande wa uzi wa sita. Tukashusha skrubu ya upande huo nusu mzunguko, halafu nusu tena, huku akirudia mstari mmoja wa solo. Kwenye nusu ya tatu aliacha kuangalia mkono wangu, akaendelea kupiga hadi mwisho wa wimbo. Mikro zake za zamani nilizifunga ndani ya gazeti, nikaandika juu yake namba za ukinzani na upande zilikotoka. Zina 14 na 15.2, mpiga roki yeyote atazinunua.